Gari la Mtu Aliyeokoka

Mdogo wangu Nduku,

Nisamehe. Barua yako ya kwanza ilinifikia ndengu zikiwa katika maua, ya pili ikanifikia ndengu zikiwa katika magunia, na zote mbili sikuzijibu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na tulifundishwa sote wawili kwamba mtu mwenye hasira asishike kalamu, kwa maana ataandika sentensi ambazo kesho yake atazikana. Nikangoja hasira ipoe. Haikupoa vizuri, imegeuka kuwa dharau, na dharau angalau inaandikika.

Mwaitu, mama yetu, hajambo? Goti lake limekubali kukunjwa, au bado anasali akiwa ameketi na kudai kwamba Mungu amemruhusu? Shemeji yangu naye je, kifua kimetulia? Na maembe mmeuza kwa nani msimu huu? Nakuomba usiwape tena wale madalali wa Malili wanaokuja matunda yangali mabichi, wanayabonyeza kwa kidole na kuguna, kana kwamba ninyi ndio mliowaita. Mimi mwenyewe ni mzima. Jua la huku kaskazini mwa Kitui unalijua kwa kusimuliwa tu, na sina la kuliongezea. Maji tunayapata. Chakula kipo. Mwikali, mwanao na mwanangu, ni mzima wa mwili.

Utauliza kwa nini sikukupigia simu. Simu yako, Nduku, unaiweka sauti ya juu ili Mwaitu naye asikie, na akisikia Mwaitu limesikia kanisa zima la Mukuyuni. Jambo hili nataka ulisome peke yako, umeketi, kisha uamue mwenyewe nani aambiwe.

Katika barua yako ya pili umeniagiza nimshauri Mwikali aikubali ile kazi ya ofisini aliyopewa. Umeandika, "Kazi ni kazi, na hiyo haina jua." Nitakujibu, lakini kwanza ni lazima ujue kazi hiyo ilizaliwaje, kwa kuwa naona Mwikali amekuficha nusu ya habari ili usiumie.

Katika mradi wetu wa afya ya mifugo mtu mpya, hata akija na stashahada yake, huwekwa chini ya mlezi wa kazi. Mlezi ndiye anayekwenda naye malishoni, joshoni na mnadani. Anamwonyesha, anamwachia ajaribu, anamkosoa. Mwisho wa kipindi mlezi husimama mbele ya kamati na kusema: huyu nimemwona akifanya. Bila ushahidi huo hakuna ajira ya nyanjani. Mimi ni mama yake mkubwa, kwa hiyo siruhusiwi kumlea kikazi wala kumshuhudia. Kanuni hiyo ni sahihi, na ningeitetea hata leo. Mwikali akapewa Bwana Kilonzo, mkuu wa kazi za nyanjani, pamoja na kijana aliyeajiriwa naye siku moja, Muthama. Nilifurahi. Kilonzo anaijua kazi yake, hilo sitamnyima.

Jumatatu ya kwanza vijana wote wawili walifika mapema, wamevaa mabuti. Kilonzo akafungua mlango wa pikapu ya mradi.

"Muthama, ingia hapa mbele. Wewe msichana yangu utabaki na mama, mtasaidiana."

Nayaandika maneno yake jinsi alivyoyatamka. Makosa ni yake.

"Nibaki nikifanya nini, mwalimu?" Mwikali akauliza.

"Kazi ni mingi. Kuna rekodi. Kuna friji ya chanjo."

Nilikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Bwana Kilonzo, mlezi wake ni wewe, si friji."

"Mama Syombua, wewe unanijua. Mimi nimeokoka. Hii gari haiwezi kubeba mwanamke mwenye si bibi yangu. Watu wataona, watasema nini?"

"Mtakuwa watatu."

"Na Muthama akishuka kwenda haja, tutabaki wangapi?"

Muthama aliangalia mabuti yake. Gari likaondoka.

Wewe ni mwanamke wa kanisa, Nduku, na mimi pia. Sitadharau wokovu wa mtu. Ninachokidharau ni wokovu unaokaa katika kiti cha gari. Gari hilohilo nimeliona likibeba makochi ya mchungaji, magunia ya makaa, na siku moja beberu mzima akiwa ameketi kiti cha mbele kwa sababu nyuma palijaa. Beberu hana sifa nzuri zaidi ya mwanangu. Tena huyu Kilonzo si mtu mchafu. Hajawahi kumwekea mwanamke mkono wala neno baya, na kwa hilo anajisifu. Hajagundua kwamba kutomdhuru mtu si sawa na kumfundisha, na kwamba mshahara wake analipwa kwa hilo la pili.

Basi ikawa hivyo kila siku. Muthama anarudi jioni damu imemkauka hadi kwenye viwiko, amejifunza kuhasi, kumgeuza ndama aliyekaa vibaya, kumtambua mnyama mgonjwa kwa jinsi anavyosimama. Tena si hayo tu. Siku ya mnada Kilonzo humkalisha katika kibanda cha chai pamoja na wafanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Garissa, na hapo ndipo yanaposemwa mambo yasiyoandikwa popote: nani anaficha mnyama mgonjwa, nani apigiwe simu kijiji fulani kikipata homa, meneja anapenda kuambiwa nini. Mwikali alikuwa akichemsha sindano na kunakili ripoti za Kilonzo. Kilonzo alimsifu. "Huyu msichana ana mwandiko safi sana," alikuwa akiwaambia wageni. Nimefanya kazi miaka mingi na sijaona ng'ombe aliyepona kwa mwandiko.

Muthama ana roho nzuri, hilo nalisema. Alikuwa akija jikoni kwangu jioni kumfundisha mwenzake alichofundishwa yeye. Kigoda changu kikawa ng'ombe, sweta langu likawa ndama.

"Sasa unaingiza mkono, unashika mguu."

"Upi?" Mwikali anauliza. "Wa mbele au wa nyuma?"

"Ule… ngoja. Unasikiza joint. Ya kwanza na ya pili zikikunjika upande moja, ni mbele. Ama ni nyuma? Wacha nikumbuke."

"Muthama, huyu ng'ombe anakufa."

"Si umpatie dakika! Kilonzo alisema haraka sana, na mimi nilikuwa nimeshika mkia."

Walicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nje nikasimama peke yangu. Mtu mwenye stashahada anafundishwa kwa sweta. Mimi, iwapo umesahau, nilifundishwa na mzee mmoja mlevi ambaye hajawahi kukanyaga kanisani. Hakuniuliza mimi ni binti wa nani. Alinirushia kamba na kusema, "Shika, na usiachilie." Nimekwisha kusahau harufu ya pombe yake, lakini fundo lile bado nalifunga.

Nikalalamika kwa meneja. Meneja ni kijana wa Nairobi, mpole, anayeitikia kila kitu kwa kichwa. Kilonzo akaitwa, akapata suluhisho: Mwikali akae nyuma ya pikapu, pamoja na masanduku ya dawa. Mwanao akakubali, Nduku. Alijifunga leso kichwani na mdomoni, akakaa juu ya sanduku, akala vumbi kutwa nzima, na akarudi akiwa na furaha kwa sababu alikuwa ameruhusiwa kumshika mbuzi mmoja. Siku ya tatu mke wa mchungaji alilipita gari hilo barabarani. Jumapili ikasemwa kanisani kwamba ndugu Kilonzo anazunguka na msichana nyuma ya gari. Jumatatu masanduku yalikwenda bila Mwikali.

Akajaribu kuwafuata kwa bodaboda, kwa nauli yake mwenyewe. Lakini Kilonzo hamwambii mtu anakokwenda kabla hajafika, na mara zote Mwikali alifika wakati wenzake wanaosha mikono. Nikawaendea wazee wengine wawili wanaolea vijana nyanjani, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza aliniambia, "Mama, siku hizi hawa wasichana ni hatari. Ukisema kitu kidogo, umeshtakiwa." Nikamuuliza ni kitu gani kidogo anachokusudia kumwambia. Wa pili alisema, "Kama Kilonzo, mtu wa Mungu, anaogopa, mimi ni nani?" Wazee wenye wajukuu! Wanamwogopa binti ambaye bado ananiomba ruhusa ya kwenda kusukwa nywele.

Nilipomrudia meneja, aliniambia kwa fahari kwamba suala la jinsia limekwisha kupangiwa semina. Semina yenyewe ilifanyika katika hoteli moja pale Salama, na najua umesikia kwamba nilipita huko nisifike nyumbani. Tulipelekwa asubuhi na kurudishwa siku hiyohiyo kama mizigo, usinune.

Wanawake tuliwekwa chumba kimoja na wanaume kingine, kila kikundi na mkufunzi wake. Sisi tulifundishwa namna ya kuvaa, namna ya kusawazisha nyumba na kazi, na namna ya kustahimili. Wakati wa chai nilimuuliza Muthama wao wamefundishwa nini. Bajeti, akasema, na namna ya kuomba kupandishwa cheo. Tuliporudi chumbani yule mkufunzi wetu, binti mwenye kucha ndefu kama za mwewe, akaniambia, "Mami, wewe ndiye mkubwa hapa. Tupatie safari yako. Tutie moyo."

"Sina safari," nikamwambia. "Nina swali. Msichana anayetaka kujifunza kumtoa ndama aliyekwama atafundishwa na nani?"

"Wow. Hilo ni swali poa sana, mami. Hebu tuiweke kando kwanza, tutairudia."

Halikurudiwa. Mwishoni nilitangazwa kuwa mlezi wa wanawake wote wa mradi. Nikauliza nitawalea kwa gari lipi. Nikaambiwa kwamba ulezi wangu ni wa mazungumzo. Ndivyo wanavyogawa, Nduku: mwanamume anamrithisha mwanamume kazi, mwanamke anamrithisha mwanamke uvumilivu.

Sasa nikueleze kuhusu Haji na mkewe. Haji ni mmoja wa wale wafanyabiashara wa kibanda cha chai, na mkewe, Bi Halima, ana ng'ombe wake mwenyewe, si wa mumewe. Siku moja ng'ombe huyo alishindwa kuzaa tangu alfajiri. Kilonzo alikuwa mbali na simu imezimwa. Haji akaja ofisini, akanikuta mimi nimefungwa mguu baada ya kuteleza joshoni, na Mwikali yuko kwenye friji.

"Hii msichana anajua?" akaniuliza.

"Anajua," nikasema.

"Basi akuje. Mke yangu atakaa hapo hapo."

Hivyo tu. Watu wale wana sheria kali zaidi za mwanamume na mwanamke kukaa mbalimbali kuliko sisi, wala hawazifanyii mzaha, lakini sheria yao walikuja nayo pamoja na njia ya kupita. Kama nilivyosimuliwa, Haji alisimama nje ya boma akipiga kelele za maagizo ambayo hakuna aliyeyasikiliza. Bi Halima alishika kamba. Mwikali aliingiza mkono, akalia kidogo, akanyamaza, akageuza kichwa cha ndama, wakavuta. Ndama alitoka hai. Bi Halima alimwambia, "Wewe, kumbe una mkono!" na tangu siku hiyo wanawake wa boma lile na maboma ya jirani humwita yeye, wala hawamwiti Kilonzo.

Nilidhani yamekwisha. Kamati ikakaa. Muthama alisimamishwa, akashuhudiwa, akapigiwa makofi, na alistahili. Kisha Mwikali.

"Huyu msichana ni mzuri," Kilonzo akasema. "Ana adabu, na mwandiko ni safi. Lakini kumwona akifanya kazi, sikumwona. Mimi nimeokoka, siwezi kushuhudia uongo."

"Kwa nini hukumwona?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuwa anakuja nyanjani."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nduku, walimsifu kwa ukweli wake! Bi Halima alikuwa amekuja na baibui lake la kwendea harusini, akaomba kusema. Akaambiwa kwamba yeye si mfanyakazi. Nikainuka mimi. Mwenyekiti akasema, "Mama, wewe ni mzazi. Keti." Nikaketi, kwa kuwa kwa mujibu wa kanuni alikuwa sahihi, na sijawahi kuchukia usahihi wa mtu kama siku ile.

Hapo ndipo kazi yako isiyo na jua ilipozaliwa. Kamati ilimhurumia Mwikali, ikampa nafasi mbili. Ama atie sahihi awe mtunzaji wa friji na rekodi, kazi ya kudumu, daraja la chini, na asiende nyanjani tena. Ama arudie kipindi chote cha majaribio chini ya mlezi yuleyule. Kilonzo alikuja kumpa mkono. "Mungu amejibu, msichana yangu. Kazi ya kivuli! Hata mimi sijapata hiyo." Mwikali alimpa mkono. Mwanao ana malezi mema, na siku ile nilitamani ungekuwa umemlea vibaya kidogo.

Sasa nakujibu. Sitamshauri akubali. Akikubali, kila msichana atakayefuata ataonyeshwa yeye: tazama Mwikali, ameridhika, anakaa kivulini. Wala sitamshauri akatae, kwa sababu si mimi nitakayechemsha sindano msimu mwingine nikingoja kutoonekana. Ameniuliza mara moja tu, tukichambua ndengu.

"Mama mkubwa, mama anasema nikubali. Wewe unasema aje?"

Nikamweleza yatakayofuata akikubali na yatakayofuata akikataa.

"Huo si ushauri," akasema. "Hiyo ni habari."

"Ndiyo niliyo nayo."

Akaokota changarawe, akaitupa. Kisha akasema, "Mimi sikusomea friji, mama mkubwa. Lakini pia sitaki kuzeeka nikimfuata huyo mzee na bodaboda."

Lakini jambo moja nimelifanya, na ni vema ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Pikapu ile si ya Kilonzo wala si ya kanisa lake. Ni ya mradi. Nimeiandikia kamati kwamba mlezi asiyeweza kumbeba mwanafunzi wake arudishe ufunguo, apewe anayeweza. Nimeongeza kwamba Mwikali ana leseni ya udereva, nami sina undugu na gari. Bi Halima na wanawake wenzake wa maboma wametia sahihi zao chini yangu, wengine kwa dole gumba. Mwenyekiti amekubali barua ijadiliwe Alhamisi ijayo. Kilonzo ameomba muda wa kufunga na kuomba, amepewa. Kijana mmoja wa bodaboda anayesali naye kanisa moja ananieleza kwamba anafunga kweli, na amekonda. Mimi simwombei anenepe wala akonde. Namwombea aulizwe swali moja mbele ya watu: unakwenda naye, au huendi?

Mwikali amesema hatatia sahihi popote kabla ya Alhamisi. Kwa hiyo, mdogo wangu, usisimame kanisani kutoa shukrani kwa kazi ya ofisini. Na Mwaitu akiuliza, mwambie mjukuu wake anajifunza kutoa ndama. Hilo ni kweli, na yeye aliwahi kutoa wengi kwa mikono yake zizini bila kuuliza nani anatazama.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie dawa ya kifua ni kuacha ugoro. Nisalimie kaka yetu mkubwa, mlinzi wa shamba la baba, na mkewe aliyenitumia asali. Nisalimie mwalimu wetu wa zamani, jirani wa chini ya kilima, kama bado anasahihisha matangazo ya mazishi kwa kalamu nyekundu. Wadogo zake Mwikali uwaambie wasome.

Kamati ikishakata shauri, na Mwikali akishalikata la kwake, ambalo huenda lisifanane na la kamati, nitakaa nikuandikie siku hiyohiyo, niwe na hasira nisiwe nayo.

Ni mimi dada yako,

Syombua